Tambora Hajisugui

Ukifika Santa Brígida leo ukauliza habari za Tambora, watakwambia walimpenda. Usiwasadiki. Walipenda ule mlio. Mpira ulipomgonga mbavuni ulitoa sauti nzito, ya ndani, kama ile ngoma ya merengue inayopigwa kwa kijiti upande mmoja na kwa kiganja upande wa pili, na jina la ngoma likamganda hapo hapo. Padri alimbatiza Leovigildo. Jina hilo ukilimaliza umeshasahau ulichotaka kumwambia, kwa hiyo hata mimi nilimwita Tambora kama wengine.

Mimi ni Cirila. Nilifua jezi za timu ya besiboli ya kiwanda cha sukari tangu mume wangu aliponifia mpaka mikono ilipogoma, na nyumba yangu na ya Tambora zilishiriki ukuta mmoja wa mbao. Ninayokusimulia sikuyasikia redioni.

Kwanza niseme wazi: hakuwa mchezaji mzuri. Hapa kwetu kila nyumba ina mtu anayeapa kwamba kaka yake angefika Nueva York kucheza na wakubwa, ila goti tu lilimwangusha. Tambora hakuapa chochote. Miguu alikuwa nayo, tena ya kumshinda mbwa. Tatizo lilikuwa gongo, lile la kuupigia mpira. Gongo la Tambora na mpira walikuwa kama majirani waliogombana: walipishana kila Jumapili wasisalimiane. Wiki nzima alikata miwa, na siku ya mchezo akaja kabla ya wote, akamwagia maji vumbi la uwanja, akakaa benchi mpaka mwisho. Don Fremio, kocha wetu, alimwacha timuni kwa sababu ya yale maji.

Halafu siku moja tulicheza na Boca Honda, wawili wetu wakawa wameugua tumbo, na Don Fremio akamwingiza Tambora kwa kukosa mwingine. Mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa ukamwingia mbavuni. Sasa, kwetu sisi hata mtoto anayenyonya anajua kwamba mpira ukimgonga mpigaji, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Na anajua jambo la pili, ambalo halimo katika sheria yoyote lakini linashikwa kuliko sheria: aliyegongwa hajisugui. Unaliweka gongo chini, unakwenda zako kituoni kana kwamba umepewa salamu. Ukijisugua, mrushaji ameshajua maumivu yako yako wapi, na kesho atakurudia pale pale. Wengi wakifika benchi hujikunja na kulia mama. Tambora alikwenda kituo cha kwanza, akaiba cha pili kwa mbio mrushaji akiwa hatazami, akaiba cha tatu, akarudi nyumbani, yaani kwenye bamba, kile kibao cha ardhini alipoanzia, na ushindi, akakaa benchi na mikono yake magotini.

"Hukuumia?" Don Fremio akamuuliza.

"Nimeumia."

"Sasa mbona hujisugui?"

"Ananiangalia bado."

"Nani? Mrushaji yuko kule anakunywa maji!"

"Anaweza kugeuka."

Benchi zima liliangua kicheko. Don Fremio peke yake hakucheka. Jumapili iliyofuata alimweka Tambora awe mpigaji wa kwanza, akamwonyesha kwa kidole pa kuweka mguu: karibu na bamba, karibu zaidi, karibu kabisa mpaka mrushaji akose pa kupitisha mpira. Akasimama pale ujana wake wote. Wengine hupata nafasi duniani kwa wanachojua kufanya. Yeye aliipata kwa anachoweza kuvumilia, na mimi sijawahi kuliona hilo kuwa jambo la kushangilia.

Lakini mji ulishangilia. Walileta ngoma jukwaani kwa ajili yake. Akitoka benchi na gongo lake, mpigaji ngoma aliinua kiganja na kungoja. Mpira ukitua mwilini, kiganja nacho kikatua, du! na jukwaa zima likapiga kelele, "Hajisuguiii!" Watoto wakacheza mchezo wa Tambora uani, wanapigana kwa mipira ya matambara, anayejisugua ametoka. Kwenye duka la rom, pombe yetu ya miwa, watu wazima walimpiga kiwiko cha mbavu wakipita. "Vipi Tambora, umeumia?" Naye akatabasamu, "Siumii." Wakacheka, wakaagiza kinywaji, wakanywa wao.

Aliyeujua mgongo wake ni Nereida, mkewe. Baada ya kila mchezo alimlaza kifudifudi na kumkanda kwa ile rom iliyolowekwa majani, ya kujipaka, harufu ikapenya mpaka kwangu. Ukuta wetu haukuficha kitu.

"Hapa je?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

"Leovigildo! Hapa pana rangi ya bilinganya!"

"Siumii, mke wangu."

Asubuhi moja Nereida akaja kwangu amevaa viatu vya kanisani na siyo siku ya kanisa. "Doña Cirila," akasema, "mimi nimeolewa na ukuta. Namuuliza ana njaa, hana. Namuuliza kama yule mtoto aliyetutoka tumboni bado anamkumbuka, anatabasamu. Jana nimemwambia dada yangu amenitafutia kazi ya kushona makoti Nueva York. Unajua amenijibu nini?"

"Ametabasamu."

"Ametabasamu!"

Akaenda. Tambora alimbebea sanduku mpaka stendi ya basi, akarudi, akakaa kizingitini. Nikamwambia, "Mwanangu, lia basi, mimi nitaingia ndani nisikuone."

"Siumii, jirani."

Nilitamani kumrushia ndoo. Mtu anakuvunja moyo kwa kukataa wake uvunjike.

Tangu hapo hakuwa na wa kumkanda. Nilijitolea, mimi mwanamke mzima mwenye umri wa mama yake, akakataa kwa aibu. Siku moja nilimwona kwa nyuma ya nyumba: alikuwa amefunga kitambaa kwenye nguzo ya mlango, amekimwagia ile rom, anajisugulia mgongo pale, juu chini, juu chini, kama ng'ombe kwenye mti. Pale hapakuwa na mrushaji wa kumwangalia. Nilirudi ndani polepole nisimtie haya, nikafungulia redio kwa sauti ya juu.

Na hiyo redio ndiyo iliyoleta mambo. Mtangazaji wa michezo, mtu wa maneno mengi, alikuwa akifuatilia rekodi za ligi yetu ya viwanda vya sukari, akatangaza kwamba aliyegongwa na mpira mara nyingi kupita wote ni marehemu Peguero wa Boca Honda, na kwamba Tambora wetu yuko nyuma yake kidogo tu. Peguero alikuwa amechorwa jina kwenye ukuta wa uwanja, kule mwisho, pamoja na wapigaji na warushaji wakubwa. Kabla ya hapo hakuna aliyejua kwamba kupigwa nako kunaandikwa. Mji ukashikwa na wazimu. Na kila mtu alijua kwamba huo ndio msimu wa mwisho wa Tambora, maana magoti yalikuwa yameanza kulia na kiwanda kilishaleta kijana wa kushika nafasi yake. Ikawa ni msimu huu au basi.

Katikati ya msimu akapigwa kichwani, upande wa kushoto, karibu na jicho. Kofia ngumu za timu zilikuwa chache na zenye nyufa, wanavuliana. Akaweka gongo chini, akaenda kituo cha kwanza. Du! Hajisugui! Wiki ile alikuja kwangu kunywa kahawa, nikamwona anamimina sukari pembeni ya kikombe.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Naona."

"Sikukuuliza kama unaona. Nimekuuliza unaona nini."

"Kama pazia," akasema. "Linashuka, halafu linapanda."

Nilimburuta mpaka mji mkuu kwa daktari wa macho. Nilivaa nguo zangu za msiba ili wanipishe foleni, na walinipisha. Daktari alimchunguza muda mrefu, kisha akatueleza taratibu, mtu mwema yule, kwamba ngozi ya ndani ya jicho la kushoto imeanza kubanduka, na kwamba pigo lingine kichwani, hata dogo, linaweza kulizima moja kwa moja.

"Si bado anabaki na la kulia?" nikasema.

Daktari akamgeukia Tambora. "La kulia halijakufaa tangu utotoni, ndugu yangu. Hukujua? Unaona mwanga tu na vivuli. Maisha yako yote umetumia la kushoto peke yake."

Ndani ya basi Tambora alitazama miwa inavyopita mpaka tulipokaribia nyumbani. Halafu akaanza kucheka, kicheko kidogo cha chini chini, mabega yanamtikisika.

"Jirani," akasema, "kumbe sikuwa mbovu."

"Nini?"

"Gongo. Nilikuwa naona nusu. Miaka yote hiyo najiuliza nina kasoro gani, kumbe nilikuwa naona nusu."

Nikamshika mkono. Aliniachia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, nikaona ndiyo nafasi. "Basi imekwisha," nikamwambia. "Kesho unamwambia Don Fremio. Hiyo rekodi waachie wafu."

Akautoa mkono wake. "Jirani, sina mtoto. Mke ndiyo huyo kaenda. Sijawahi kuupiga mpira ukatoka nje ya uzio, hata mara moja. Nikiacha sasa, mimi nitakuwa mtu aliyepigwa tu. Nikimpita Peguero nitakuwa nimefanya kitu."

"Na ukipofuka?"

"Jina litakuwepo ukutani."

"Utalisoma na kitu gani, na pua?"

Alikuwa ameshakata shauri, na mtu mpole akikata shauri ni taabu tupu.

Nilikwenda kwa Don Fremio mwenyewe, nikamkuta anacheza domino na wenzake mbele ya duka la rom. Nikamwaga yote, nikataja na daktari. Walinisikiliza vizuri, kofia zimevuliwa. Kisha Don Fremio akasema, "Doña Cirila, kwa heshima zote. Tambora? Huyo akigongwa na treni ya miwa, treni ndiyo itapelekwa hospitali."

Meza ikalipuka kwa vicheko. Wakamwita Tambora, alikuwa anapita na panga lake begani.

"Tambora, njoo. Unaona vizuri?"

"Naona."

"Unaumwa popote?"

"Siumwi."

Don Fremio akanifungulia viganja: si umesikia mwenyewe? Nami nikabaki pale nimepigwa na butwaa. Mji mzima ulimfundisha mtu huyu kuficha maumivu, ukamshangilia kwa kuyaficha, halafu siku ya hukumu ukamuuliza yeye mwenyewe kama anaumwa. Mpaka leo nikilifikiria hilo damu inanichemka.

Msimu ukaenda, mipira ikampata mgongoni na pajani, na Jumapili ya mwisho ilipofika alikuwa amelingana na marehemu Peguero. Moja tu ilibaki. Na tunacheza na nani? Boca Honda, kwao Peguero, na mrushaji wao Catalino Guerrero, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa amempiga Tambora kuliko mtu mwingine yeyote. Hawakuwahi kunywa pamoja wale wawili, lakini nadhani hakuna aliyemtazama Tambora machoni mara nyingi kama Catalino.

Nilimvizia getini, aliposhuka kwenye lori la kiwanda chao.

"Wewe Catalino, hebu njoo hapa."

"Doña, mimi sijafanya kitu!"

"Utafanya leo." Nikamweleza habari ya jicho. Yeye hakucheka.

"Nilishuku," akasema. "Mwezi uliopita nilimrushia mmoja wa polepole, unaopinda, hata kichwa hakugeuza. Nikasema, huyu haoni au amenidharau?"

"Haoni. Sasa utanisaidia au hutanisaidia?"

Akakuna kidevu. "Nitamrushia mbali. Mungu shahidi yangu. Sitamkaribia."

"Watu watakutukana."

"Nimezoea. Nakaa na mama mkwe."

Alitimiza ahadi, siwezi kumsema. Zamu ya kwanza ya Tambora, Catalino alirusha mipira minne yote mbali, mpaka mdakaji wake akawa anaruka kando kama kuku. Minne ya mbali nayo humpa mpigaji kituo, basi Tambora akapewa cha kwanza kwa njia hiyo ya bure ambayo haikumwongezea chochote kwenye rekodi. Jukwaa likawaka. "Mwoga wewe! Mpige! Unamwogopa, au mkono wako umebaki nyumbani na mkeo?" Catalino akatema mate, akanitazama kule juu nilikokaa na mfuko wangu wa jezi, akaendelea kurusha mbali.

Zamu iliyofuata Tambora alichoka kungoja. Mpira ulipita juu ya bamba, katikati kabisa, halali, naye akaingiza kiwiko. Nilimwona anakiingiza. Ngoma ikalia, watu wakaruka, wanakumbatiana, na Tambora akaliweka gongo chini kwa ule utaratibu wake.

"Rudi hapa," mwamuzi akasema.

"Mpira umenigonga."

"Umejigongesha. Mtu asiyejaribu kukwepa hapewi kitu, sheria unaijua. Haihesabiki."

Machungwa yalinyesha uwanjani, na chupa moja. Mwamuzi alikunja mikono akangoja yaishe. Tambora alisimama katikati ya kituo na bamba, mkono mmoja umening'inia, hajui aende wapi, na hakuna hata mmoja wa wale waliokuwa wanapiga kelele kwa ajili yake aliyeshuka kumuuliza kiwiko kikoje.

Tukafika mwisho wa mchezo tumefungana. Watu wetu walikuwa kwenye vituo vyote vitatu, na zamu ikawa ya Tambora. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimemwingiza Catalino kwenye mtego. Akirusha mbali mara nne, Tambora anasukuma wenzake mbele, wa kituo cha tatu anaingia nyumbani, Boca Honda wamekwisha. Kocha wao alitoka, akamshika shingo, akamwambia maneno sikioni, na sikuhitaji kuyasikia. Lazima arushe karibu.

Catalino akafuta kiganja kwenye suruali. Akafuta tena. Jua lilikuwa linamchoma tangu mchana na shati limemganda mwilini. Akanitazama. Nilijishika kifua tu.

Mpigaji ngoma aliinua kiganja. Jukwaa likanyamaza, ule unyamavu wa watu wengi wanaotaka kitu kimoja. Tambora akasogeza mguu mpaka kidole kikagusa bamba, akainamisha kichwa mbele kidogo, lile jicho la kushoto limemkabili mrushaji. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameshakubali kulitoa.

Mpira ulimteleza Catalino. Niliona kwa namna mkono wake ulivyofunguka, na alipiga ukelele hata kabla haujafika, "Tambora!" Ulikuja juu, kwa nguvu zote, moja kwa moja kwenye paji la uso. Hakuna mwamuzi wa dunia hii ambaye angeukataa ule.

Na Tambora akainama.

Alijitupa chini kifudifudi, kofia ikamtoka ikabingirika, gongo huku, yeye kule, na mpira ukapita pale pale kilipokuwa kichwa chake, ukamponyoka mdakaji, ukagonga mbao za nyuma, ukarudi vumbini. Mtu wetu wa kituo cha tatu akakimbia akaingia nyumbani. Tukawa tumeshinda. Kama ungemgonga, tungeshinda vile vile. Kwa timu hapakuwa na tofauti hata ya punje. Tofauti ilikuwa kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amelala na vumbi mdomoni.

Mpigaji ngoma alibaki na kiganja chake hewani. Kisha sauti ikatoka jukwaani, ya mshangao mtupu, "Tambora kakwepa?" Mwingine akacheka. Mwingine akasema, "Na mimi nimemkimbia mke wangu nije kuona hili!" Wachezaji walitoka benchi mbio, nikadhani wanamwendea, wakampita kulia na kushoto, wakamrukia yule aliyeingia nyumbani, wakambeba juu. Don Fremio alimpita Tambora wa mwisho. Alisimama kidogo, akaenda.

Nilishuka ngazi zile kwa miguu yangu mibovu nikimshukuru Mungu kwa sauti. Nilifurahi, sitaficha. Nilimkuta amekaa chini, anatazama viganja vyake.

"Mwanangu," nikamwambia, "umefanya vizuri. Umefanya vizuri kuliko siku zote."

Aliniinulia uso, na sikupenda nilichokiona humo.

"Sikufanya mimi," akasema. "Mwili ulikwenda wenyewe. Niliuona, jirani. Niliuona mpaka nyuzi zake."

"Ukaogopa. Kila mtu anaogopa."

"Huwa naogopa kila mara. Kila mara, kila mpira, tangu ule wa kwanza. Leo tu nimeshindwa kujizuia. Leo!"

Nilikuwa nimekaa ukuta mmoja na mtu huyu miaka yote, na hilo ndilo neno la kwanza la kweli alilowahi kunipa kuhusu nafsi yake.

Catalino alikuja, mkono wake wa kurushia ameushika kwa mwingine.

"Uliniteleza, kaka. Naapa kwa watoto wangu."

"Najua," Tambora akasema. Akainuka, akaenda mpaka kwenye zile mbao, akauokota mpira, akamrudishia. "Rusha tena."

"Mchezo umekwisha."

"Najua umekwisha. Haihesabiki. Rusha tu, nione kama nitasimama."

"Una akili wewe? Na hilo jicho?"

"Nirushie mgongoni basi. Polepole. Popote utakapo. Mara moja tu, Catalino. Wewe unanijua, mimi huwa nasimama."

Catalino alinitazama, nikatikisa kichwa. Nje ya geti lori la Boca Honda lilikuwa linapiga honi, wenzake wanamwita kwa matusi.

"Siwezi, kaka," akasema. "Nyumbani wananisubiri."

Hakuwa na nia mbaya, alitafuta tu neno la kuondokea. Lakini nililiona lilivyomwingia. Catalino akauweka mpira chini taratibu, akamgusa Tambora bega, akaenda zake, hakugeuka nyuma.

Jukwaa lilikuwa tupu sasa, maganda ya machungwa tu. Ngoma ilianza tena huko nje, inaelekea duka la rom, wanamchezea merengue yule aliyeingia nyumbani. Nikaokota kofia, nikaipangusa. "Twende, mwanangu. Nina ndizi za kuponda na dagaa wa moshi. Utakula kwangu."

"Tangulia, jirani."

"Kuna nini cha kungoja hapa?"

Alilichukua gongo lake, akarudi kwenye bamba, akachimba vumbi kwa mguu mpaka akapata mahali pake, akainua gongo begani. Akakitazama kile kilima kidogo anaporushia mrushaji, ambacho hakikuwa na mtu. Alikitazama sana, amelikaza jicho. Nikaona bega linaanza kumgeuka, na kichwa kinashuka, kinashuka, mikono ikaja juu kukiziba. Hakuna aliyekuwa amerusha kitu.

Akajiweka sawa, akasogea karibu zaidi na bamba, na akainama tena.